Mauser ya 1871 na Risasi Zisizopatikana

Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya mapigano kusimama Ulaya, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, aliwapanga askari wake mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia, akakabidhi silaha kwa Waingereza. Hesabu ya vitu vilivyokabidhiwa siku ile inajulikana: mzinga mmoja wa Kireno, bunduki za rashasha 37, bunduki za kawaida 1,071 na risasi 208,000. Bunduki zote hizo 1,071 zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Jeshi lililoingia vitani mwaka 1914 likiwa na bunduki za Kijerumani mabegani lilimaliza vita bila bunduki ya kawaida ya Kijerumani hata moja katika hesabu hiyo.

Vitabu juu ya vita hivyo huuliza jinsi kikosi kidogo kilivyoweza kuzunguka kwa miaka minne kikifukuzwa na majeshi makubwa. Mimi nauliza jambo dogo zaidi, ambalo naamini linafungua mengi: zile bunduki za mwanzo zilikwenda wapi? Hazikuwa zimechakaa. Zilikuwa bunduki imara, na nyingi zingeweza kupiga miaka mingine hamsini. Ziliachwa kwa sababu risasi zake zilikwisha, na hapakuwa na adui hata mmoja katika Afrika Mashariki aliyebeba risasi za namna ile, ili ashindwe na kunyang'anywa.

Bunduki ninayoizungumzia ni Mauser ya 1871. Leo imo mikononi mwa watu wa Ulaya na Marekani wanaoitunza na kuipiga kwenye viwanja vya shabaha, nao wanakabiliwa na swali lile lile lililowakabili makamanda wa Schutztruppe, yaani jeshi la koloni la Wajerumani: risasi zitatoka wapi? Naandika juu ya wote wawili, askari wa jana na mwenye bunduki wa leo, kwa kuwa naona kila mmoja anatusaidia kumwelewa mwenzake.

Ilibuniwa na ndugu wawili, Wilhelm na Paul Mauser, wa mji wa Oberndorf kando ya mto Neckar. Dola changa ya Ujerumani ilikuwa imetoka kuishinda Ufaransa na ilihitaji bunduki mpya kwa majeshi yake. Ile ndefu ya askari wa miguu ina uzito wa kilo nne na nusu na urefu wa karibu sentimita 135. Hakuna mahali pa kuweka akiba ya risasi ndani yake. Inalishwa moja moja. Mpigaji huinua mkono wa komeo, huvuta nyuma, huweka risasi kwa vidole, husukuma mbele, hulaza mkono, ndipo alenge. Akisha kupiga hufungua tena, na hapo anayeishika kwa mara ya kwanza hukutana na jambo asilolitegemea. Bunduki hii haina chombo cha kurusha ganda nje. Komeo hulivuta ganda kutoka kwenye chemba na kuliacha limelala pale pale. Mpigaji hana budi kuiinamisha bunduki ubavu ili ganda lidondoke, kisha aweke risasi nyingine. Katika gwaride hilo ni jambo dogo. Kwa mtu aliyelala kifudifudi nyuma ya mnazi huku risasi zikipita juu yake, ni kazi.

Risasi yenyewe ni ya milimita 11, nene kuliko kidole cha mtoto. Ganda lake la shaba ya manjano lina urefu wa milimita 60, na kwenye shingo limebanwa kama chupa. Kichwa chake ni kipande cha madini ya risasi tupu, bila ngozi ya chuma, chenye uzito wa gramu 25 na kuviringishwa karatasi. Nyuma yake kuna kidonge cha nta cha kulainisha mtutu, na nyuma ya nta kuna gramu 5 hivi za baruti nyeusi, yaani mchanganyiko wa shura, makaa na salfa uliotumika duniani kwa karne nyingi kabla ya Mauser kuzaliwa.

Baruti hiyo ndiyo kiini cha habari yote. Inapowaka, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa; hubaki kama vumbi gumu, sehemu yake ikiganda ndani ya mtutu na nyingine ikitoka mdomoni kama wingu zito jeupe. Kila mlio ni wingu. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, na mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likapata bunduki ya Lebel iliyoitumia. Siku Lebel ilipotoka, kila bunduki ya baruti nyeusi duniani ikazeeka. Wajerumani walijibu kwa bunduki mpya mwaka 1888, kisha kwa Mauser mashuhuri ya 1898 ya milimita 7.92. Zile za 1871 zilirudishwa ghalani, zikasubiri wanunuzi maskini na makoloni.

Baadhi ya wanunuzi hao walitoka Ireland. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 1914 wazalendo wa Ireland waliingiza kwa siri bunduki 1,500 za aina hii pamoja na risasi kama 45,000, sehemu kubwa ikishushwa bandari ya Howth, karibu na Dublin, kutoka kwenye mashua ya Erskine Childers. Ukigawanya, kila bunduki ilipata risasi 30. Mnamo 1916 baadhi ya bunduki hizo zilipigwa katika maasi ya Pasaka mjini Dublin. Nalitaja hili kwa sababu ya ile hesabu ya 30. Aliyenunua bunduki ya zamani kwa bei nafuu alinunua pia ukomo wake, na ukomo huo ulikuwa umeandikwa kwenye makasha ya risasi kabla hata mashua haijatia nanga.

Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, wengi wa askari weusi walikuwa bado na Mauser ya 1871, hasa ile fupi kidogo ya vikosi vya Jäger, wakati vita vilipoanza Agosti 1914. Hilo halikutokana na umaskini wala usahaulifu. Lettow-Vorbeck mwenyewe ameeleza katika kumbukumbu zake mawazo yaliyotawala kabla ya vita: kwamba kikosi cha koloni kingepigana na wenyeji tu, si na jeshi la kisasa, na katika mapigano ya namna hiyo risasi nene ni faida na moshi si hasara.

Tuisome fikra hiyo polepole, kwa kuwa maana yake kwetu ni nzito. Moshi si hasara pale ambapo unayempiga hana silaha ya kukujibu kwa mbali. Risasi laini ya gramu 25 ni faida pale ambapo unataka mtu mmoja aangushwe na jeraha moja asiinuke tena. Hii ndiyo bunduki iliyobebwa na askari wa Wajerumani katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, dhidi ya watu wa kusini waliokuwa na mikuki, mishale na magobore, wakiiamini dawa ya Kinjeketile Ngwale ya kwamba risasi zingegeuka maji. Mahenge, Agosti 1905, waliingia moja kwa moja kwenye moto wa bunduki za rashasha. Songea, Februari 1906, wakuu wa Wangoni walinyongwa. Kisha likaja jambo lililoua watu wengi kuliko risasi zote: mashamba na maghala yalichomwa, na njaa ikafuata. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000; wanahistoria wa baadaye wamefikisha hadi 300,000. Mtu anayeitunza Mauser ya 1871 anatunza chombo cha historia hiyo pia. Sisemi aitupe. Nasema aijue, na mgeni akiishika mikononi ukumbini kwake, aambiwe.

Novemba 1914 hesabu iligeuka. Waingereza walileta kutoka India kikosi cha watu wapatao 8,000 chini ya Jenerali Arthur Aitken, wakashuka Ras Kasone ili kuiteka Tanga. Wajerumani na askari wao walikuwa kama 1,000. Hapo askari mwenye Mauser ya 1871 alikuwa anapigana na watu wenye bunduki za baruti isiyo na moshi. Kila alipofyatua, wingu lilipanda juu ya kichwa chake na kumwonyesha adui mahali alipolala. Alichokuwa nacho badala ya bunduki bora ni nidhamu, ufahamu wa ardhi, minazi na vichaka vya kumficha, na adui aliyechoka kwa safari ndefu ya baharini na kuongozwa vibaya. Nyuki waliochokozwa na risasi waliwashambulia watu wa pande zote mbili. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini, wakiwa wamepoteza zaidi ya watu 800 kati ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliotoweka.

Walichokiacha ufukweni kilikuwa na thamani kuliko ushindi wenyewe: bunduki za kisasa za kutosha kuzipa silaha kampuni tatu, bunduki za rashasha, na zaidi ya risasi nusu milioni. Kampuni tatu zikaagana na moshi. Naona hapa ndipo vita vya Lettow-Vorbeck vilipopata umbo lake. Kuanzia Tanga, adui akawa pia ghala la silaha, na kila bunduki ya kizamani ikawa inasubiri siku ya kubadilishwa.

Miezi miwili baadaye, Januari 1915, walipigana Jasin, kwenye mashamba ya mkonge mpakani kaskazini mwa Tanga. Wajerumani walishinda. Ngome ya Waingereza, iliyoshikwa na askari wa Kihindi, ilisalimu amri baada ya kuishiwa risasi. Lakini upande wa washindi nao walihesabu makasha yao wakakuta wametumia risasi 200,000. Lettow-Vorbeck akapiga hesabu kwamba kwa akiba aliyokuwa nayo angeweza kupigana vita vingine vitatu tu vya ukubwa ule. Huo ulikuwa mwezi wa sita wa vita vilivyokuja kuendelea hadi mwisho wa 1918. Tangu hapo alianza kutuma vikosi vidogo kulipua reli ya Uganda na akakwepa mapigano makubwa alipoweza. Ujanja wake wa kuvizia na kutoweka, unaofundishwa hadi leo katika vyuo vya kijeshi, ulizaliwa kwenye kasha tupu.

Aprili 1915 meli iitwayo Rubens, ikijifanya ya Denmark, iliponyoka vizuizi vya Waingereza na kufika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikifuatwa na manowari Hyacinth. Ilipigwa, ikazama katika maji mafupi. Waingereza wakaondoka wakidhani wamemaliza kazi. Wapiga mbizi na wapagazi wakaiokoa sehemu kubwa ya shehena: bunduki za kisasa zaidi ya elfu moja na mamilioni ya risasi. Risasi hizo zilikuwa zimelowa maji ya chumvi.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda kuliko yote katika habari hii, ingawa ni nadra kukiona kikielezwa kwa zaidi ya mstari mmoja. Risasi zilipelekwa bara, hadi Moshi. Kwa miezi kadhaa watu walikaa wakazifungua moja baada ya nyingine. Kichwa kikachomolewa, baruti ikamwagwa na kukaushwa, fataki za kuwashia baruti zilizooza zikabadilishwa pale zilipopatikana nyingine, kisha risasi ikaunganishwa upya. Halafu zikajaribiwa kwa mafungu. Zile za akiba ya zamani ambazo hazikulowa ziliwekwa hasa kwa ajili ya bunduki za rashasha. Fungu ambalo katika kila risasi mia moja, ishirini hivi zilikataa kulia, lilipelekwa vitani. Lililokataa zaidi ya hapo likawa la mazoezi. Askari wa 1916 alikwenda msituni akijua kwamba katika kila risasi tano za mkoba wake huenda moja isilie, na hakujua ni ipi.

Yeyote anayetengeneza risasi za Mauser ya zamani leo, amekaa mezani na mizani yake, akikagua fataki na kupima baruti, anarudia kazi ya Moshi. Tofauti ni kwamba yeye asipofaulu hupoteza alasiri yake tu.

Kulikuwa pia na suala la uzito. Risasi moja ya Mauser ya 1871 ina takriban gramu 43. Ile ya 1898 ina gramu 24 hivi. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 25 au zaidi kichwani. Piga hesabu ukiacha uzito wa kasha: mzigo mmoja wa risasi za kizamani haufiki risasi 600, ilhali mzigo wa risasi za kisasa unapita 1,000. Kwa hiyo kila kampuni iliyokuwa na bunduki ya 1871 ilihitaji vichwa vingi zaidi vya watu kuifuata njiani ikiwa na idadi ile ile ya risasi. Watu hao hawakuwa na bunduki, walilipwa kidogo au hawakulipwa, na kwa upande wa Waingereza peke yake wanakadiriwa kufa wapagazi wasiopungua 95,000, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, soko tunalolipita kila siku Dar es Salaam, limetokana na kikosi chao. Ninapoona risasi moja ya milimita 11 katika kabati la kioo la mkusanyaji, nafikiri kwanza juu ya shingo iliyoibeba kutoka Tanga hadi ng'ambo ya Rufiji.

Kufikia mwisho wa 1917, baada ya mapigano mazito ya Mahiwa mwezi Oktoba, akiba ilikuwa imekauka. Lettow-Vorbeck alilazimika kuchagua nani aendelee naye na nani abaki. Chakula, dawa na risasi havikuwatosha wote. Akavuka Ruvuma na Wajerumani kama 300 na askari 1,700 hivi. Tarehe 25 Novemba aliwashambulia Wareno waliokuwa Ngomano, akapata bunduki 600 na risasi karibu 250,000. Askari wake wengi wakaweka chini bunduki ya Mjerumani, wakachukua ya Mreno. Mwaka uliofuata, kadiri walivyozidi kupigana na Waingereza, wakaongeza za Kiingereza. Kwa njia hiyo tunafika kwenye ile orodha ya Abercorn. Bunduki ya 1871 ilikuwa na makosa mengi, lakini kosa lililoiondoa vitani lilikuwa moja: hakuna mwingine aliyeitumia risasi yake.

Sasa tuje kwa mwenye bunduki hii katika karne yetu.

Hapa kwetu hayupo, au anapaswa asiwepo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 nchini Tanzania inataka leseni kwa silaha ya moto, na sina hoja yoyote ya kutaka mlango huo ulegezwe. Afrika Mashariki na Kati zimeteseka vya kutosha kwa bunduki zilizozagaa. Nchi nyingine zina desturi nyingine. Marekani, sheria ya mwaka 1968 inaitambua silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo kuwa kitu cha kale, na Mauser zote za 1871 zinaingia humo, ingawa kila jimbo lina masharti yake.

Uingereza imelifikiria jambo hili kwa undani zaidi, nami naona imelifikiria vizuri. Pale sheria haitazami umri wa bunduki peke yake, inatazama risasi. Serikali imeweka orodha ya aina za risasi zilizoachwa, zisizotengenezwa tena kwa biashara ya kawaida, na bunduki ya kale inayotumia mojawapo ya risasi hizo inaweza kutunzwa kama pambo au kitu cha kumbukumbu bila kibali. Lakini mwenye bunduki hiyo hiyo akitaka kuipiga, lazima aombe cheti cha silaha kama mtu mwingine yeyote. Chuma hakikubadilika, kilichobadilika ni nia ya kukipatia risasi. Wabunge wa London wamefikia hitimisho lile lile alilofikia kamanda wa Schutztruppe alipohesabu makasha yake: bunduki isiyo na risasi si silaha kamili.

Anayepata kibali hawezi kwenda dukani akanunua kasha la risasi za milimita 11 kama anavyonunua za bunduki ya kuwindia. Viwanda vichache sana hutengeneza maganda yake, kwa mafungu madogo na kwa bei kubwa, na huweza kukaa miaka bila kutoa fungu jingine. Wapo wanaochukua ganda tupu la aina nyingine, refu na lililonyooka, wakalibana katika kalibu, wakalikata na kulinoa hadi likae sawasawa kwenye chemba. Maganda ya asili ya Kijerumani bado yanapatikana kwa wauzaji wa vitu vya kale, lakini ni magumu kuyatumia tena: tako lake limetengenezwa kwa namna ambayo fataki iliyokwisha kulipuka haichomoki kwa kuisukuma tu kutoka ndani, na saizi ya fataki yake si ya kawaida. Mtu akipata maganda ishirini mazuri huyatunza. Huyahesabu kabla ya kwenda uwanjani, na huyahesabu tena kabla ya kuondoka, akiinama kwenye nyasi kutafuta lililopotea.

Kichwa cha risasi anakimimina mwenyewe. Huyeyusha madini ya risasi laini, hujaza kalibu, huacha kipoe. Lakini kabla ya hapo lazima aujue mtutu wake, kwa kuwa mitutu ya miaka ile haikulingana. Husukuma kipande cha risasi laini kutoka mwanzo hadi mwisho wa mtutu, kisha hukipima kuona kina cha ile mifereji ya ndani. Kichwa kikiwa chembamba kuliko mtutu kitapita bila kushika mifereji, kitoke kikiyumba, na shabaha itakosekana kwa umbali wa mita hamsini. Baadaye huja karatasi ya kukiviringisha, nta, na kipimo cha baruti. Nafasi tupu isiachwe kati ya baruti nyeusi na kichwa. Mgandamizo huweza kupanda pale usipotakiwa.

Na baruti iwe nyeusi. Hili nalisisitiza kwa kuwa ndilo limewahi kuwagharimu watu macho na vidole. Chuma cha 1871 kilitengenezwa kwa mgandamizo wa baruti ya zama zake, na komeo lake linashikiliwa na ukuta mmoja wa chuma kwenye shina la mkono. Anayelijaza ganda lile baruti ya kisasa kwa kukisia anaweka mgandamizo usiopimwa mbele ya uso wake. Anayeshindwa kupata baruti nyeusi asubiri mpaka aipate.

Nalo lisemwe la hapa nyumbani: risasi za vita vile bado hufukuliwa, kwenye mashamba, kando ya mahandaki ya zamani, kwenye mapango. Shaba imegeuka kijani, nta imekauka, na inaonekana kama kitu kilichokufa zamani. Baruti nyeusi haifi kwa kuzeeka. Ikikauka, inawaka kama ilivyowaka 1914. Risasi hizo si za kuchomwa moto, kugongwa wala kufunguliwa ili kuuza shaba. Ni za kuitia polisi waje wazichukue.

Mpigaji anapofika uwanjani na risasi zake kumi, anajifunza mambo ambayo makumbusho hayawezi kumfundisha. Mshindo wake begani ni msukumo mzito na wa polepole, usiofanana na pigo kali la bunduki ya kisasa. Harufu ya salfa hukaa nguoni. Baada ya milio michache komeo huanza kuwa gumu, mtutu umejaa uchafu, na shabaha inaanza kutawanyika. Ndipo anaelewa kwa nini fimbo ya kusafishia ilichomekwa chini ya mtutu, na kwa nini kile kidonge cha nta kiliwekwa. Jioni ile ile lazima aoshe bunduki kwa maji ya moto na sabuni, aikaushe, aipake mafuta. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu wa hewani na kula chuma usiku mmoja. Nami hufikiria unyevu wa pwani yetu, na mvua za masika za 1916 zilizoyakwamisha majeshi yote mawili njiani, na askari aliyetakiwa kuilinda bunduki hii na kutu akiwa hana mafuta, hana kitambaa kikavu, na mara nyingine hana hata sabuni.

Ndiyo sababu siungi mkono wanaosema bunduki hizi zote zifungiwe kabatini na mitutu izibwe. Bunduki ya kabatini hutueleza urefu, uzito na muhuri wa kiwanda. Haitwambii inavyokuwa kulala chini na kuiinamisha ubavu ili ganda lidondoke. Wachache wanaozipiga kwa uangalifu, kwa sheria na kwa risasi walizozitengeneza wenyewe, wanahifadhi maarifa ambayo vitabu vya makamanda viliyapita bila kuyaona, kwa sababu makamanda hao hawakuibeba Mauser ya 1871. Aliyeibeba alikuwa Msukuma, Mnyamwezi, Mmanyema, Msudani. Wengi wa hao hawakuacha maandishi.

Ninachoomba kwao ni vipimo. Wanaozipiga mara nyingi huandika shabaha waliyopata: risasi tano, mita mia, upana wa kundi. Kwetu sisi kuna maswali mengine ambayo ni wao tu wanaoweza kuyajibu. Mtu mmoja mwenye mazoezi, akiwa amelala, anafyatua mara ngapi kwa dakika huku akidondosha kila ganda kwa mkono? Baada ya milio mingapi bila kusafisha komeo linahitaji nguvu ya mikono miwili? Na moshi: asubuhi isiyo na upepo, kwenye vichaka, hewa ikiwa nzito kama ya Tanga mwezi wa Novemba, wingu la mlio mmoja hukaa sekunde ngapi kabla mtu aliye mita mia mbili mbele hajaweza tena kuona kilicho nyuma ya wingu hilo? Wingu linaloonyesha mahali pa mpigaji linamfumba macho pia. Nani aliumizwa zaidi nalo pale Ras Kasone, aliyelala nyuma yake au aliyekuwa akilitazama kwa mbele? Kwa maganda ishirini, saa ya mkononi, na rafiki wa kusimama pembeni na kamera mahali salama, jibu linaweza kupatikana kwa asubuhi moja.